Walinzi Waliomgeuka Luisa

Jumapili, 1 Juni

Tumeanza kuchuma kahawa. Kila msimu marehemu mume wangu alikuwa akiandika: tumechuma shamba lipi, nani amekuja kusaidia, ukungu umekaa mpaka saa ngapi. Mwaka huu hayupo, naandika mimi. Shule sikwenda hata siku moja. Herufi nilizipata kanisani kwa kufuata kidole chake kwenye kitabu cha nyimbo, yeye katekista na mimi mkewe mbishi. Mistari yangu inapanda na kushuka kama milima ya hapa Namswea. Asiyeipenda asisome.

Nyumbani tuko mimi, mwanangu Stephano, mkewe Eunice, na watoto wao wawili, Luisa wa miaka sita na William wa mitatu. Eunice ni mtu wa ziwani, wa Lundo, Mwanglikana. Ameolewa hapa tangu kabla Luisa hajazaliwa, na bado anachuma kahawa kama mtu anayeokota shanga zilizomwagika.

Baada ya Misa nimemwona Luisa macho yamevimba. Nikamuuliza nani kampiga. "Hakuna, Bibi." Eunice akasema yako hivyo tangu Alhamisi, asubuhi yanavimba, mchana yanashuka. Nikamwambia ni moshi, apunguze kuni mbichi.

Jumatatu, 2 Juni

Tumechuma. Baridi kali.

Alhamisi, 5 Juni

Majirani wananisifu. "Mama Stephano, mjukuu wako kanenepa! Unamlisha nini?" Nikawajibu nawalisha wote sawa, ila huyu ana shukrani. Mashavu yamejaa kweli. Nilifurahi.

Jumatatu, 9 Juni

Si unene. Leo gauni la shule limekataa kufunga. Tumbo limekuwa ngoma, miguu imejaa, nikimbonyeza kwa kidole shimo linabaki. Mtoto anahema akipanda kilima kidogo cha kwenda chooni.

Eunice ananiambia mkojo wa Luisa una povu, kama maji ya kufulia, na povu halitulii. Nikamwambia, "Nyie watu wa ziwani ndiyo mnaochungulia mikojo ya watu?" Halafu nikasema lile lililokuwa moyoni. Nikasema ni usipa wao. Mama yake, Lidia, hutuletea usipa mkavu, wale dagaa wa ziwani, kutoka Lundo, umejaa chumvi na mchanga, na Luisa anaupenda kuliko nyama. Nikachukua mfuko wote nikawatupia kuku.

 Eunice alikwenda akaokota ule ambao kuku hawajaufikia, akaurudisha mfukoni, akasema, "Alhamisi tunampeleka hospitali, Mama. Stephano akikataa nitambeba mwenyewe."

Stephano hakukataa. Nani angekataa mbele ya mguu ule.

Alhamisi, 12 Juni

Tumefika hospitali ya Mbinga mjini. Daktari ni binti mdogo, Avelina, ana sauti nzito kuliko mwili wake. Amempima Luisa mkojo na damu, akambonyeza miguu, kisha akaniuliza mimi, si Eunice:

"Shikamoo Bibi. Unachuja pombe?"

"Marahaba. Mimi ni mke wa katekista."

"Sijauliza hilo. Unachuja?"

"Nachuja."

"Basi utanielewa. Figo ni chujio. Ziko mbili, hapa mgongoni. Damu inapita, taka zinatoka na mkojo, kizuri kinabaki. Chujio la Luisa matundu yamelegea. Kwenye damu mna kitu kama ute wa yai, hicho ndicho kinachovuja. Ndiyo lile povu. Na damu ikikosa ute huo haishiki maji, maji yanakimbilia kwenye nyama."

Nikamtazama Eunice. Alikuwa ametazama chini. Povu aliliona yeye.

"Nani kalegeza?" nikauliza. "Nitajie mtu."

"Hakuna mtu, Bibi. Ni kinga yake mwenyewe. Mwilini mna walinzi, kazi yao kupigana na vijidudu. Alikohoa siku za karibuni?"

Eunice akasema alikohoa mwezi wa tano.

"Inawezekana waliamka kupigana na kikohozi, halafu wengine hawakurudi kulala. Wanaendelea kumwaga vitu vyao kwenye damu, na chujio ndilo linaloumia. Kwa nini kwake na si kwa jirani yake, hilo hata wakubwa wetu hawajalijua lote. Lakini watoto wengi wa umri huu wanapona vizuri wakipewa dawa ya kuwatuliza walinzi."

"Na usipa?" nikauliza.

"Usipa haujasababisha. Chumvi tu ndiyo inaongeza kuvimba, kwa hiyo chakula chake kisitiwe chumvi mpaka nitakaposema."

Dawa ni vidonge vidogo vyeupe, anapewa asubuhi akishakula. Akatwambia visiachwe ghafla hata siku moja, hata akionekana mzima. Vitapunguzwa polepole na yeye. Na kwa sababu vinapunguza kinga, tumweke mbali na wenye kikohozi, wenye surua, wenye tetekuwanga. Akishikwa na homa au tumbo, tuje mbio.

Mengine yote niliyasikia. Lakini neno moja lilinikaa masikioni njia nzima ya kurudi. Vinapunguza kinga.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika hili litoke. Binti yangu Hedwiga, dada yake Stephano, alikufa kwa kinga. Miaka ile neno lenyewe tulikuwa hatulitaji kwa sauti. Wauguzi wa mjini walisema, "Mama, kinga zimeshuka," nami nikamrudisha nyumbani akiwa mwepesi kama kapu tupu. Sasa binti daktari anampa mjukuu wangu dawa ya kushusha kinga, kwa makusudi.

Nimeuliza mwenyewe pale hospitali kama damu ya Luisa ina ugonjwa ule. Wakasema wamempima, hana.

Jumatatu, 16 Juni

Muuguzi alitupatia kichupa kirefu cha kioo. Kila asubuhi mkojo wa Luisa unatiwa humo, tunakishika kwa kibanio cha nguo juu ya makaa mpaka uchemke, tunadondoshea siki. Ukiganda kama ute wa yai, ugonjwa upo. Ukibaki maji, umetulia. Eunice anakwenda kuchuma alfajiri, kwa hiyo kazi ya kichupa na ya vidonge ni yangu.

Leo umeganda mpaka ningeweza kukigeuza kichupa usimwagike.

Jumanne, 17 Juni

Umeganda.

Jumatano, 18 Juni

Umeganda. Luisa anasema, "Bibi unapika uji wa mkojo." Nikamwambia akae kimya au nitamwonjesha.

Jumamosi, 21 Juni

Umeganda, lakini chini tu. Anakojoa sana. Miguu inapungua.

Jumanne, 24 Juni

Maji! Maji matupu! Nimedondosha siki mara mbili, nimetazama kwenye mwanga wa mlangoni. Nikaita mpaka Stephano akaja akikimbia kutoka kwenye vichanja vya kahawa, akidhani mtoto amekufa. Nikamwonyesha kichupa. Akakaa chini palepale kwenye majivu.

Jumapili, 29 Juni

Leo ilikuwa sengu. Zamani ukoo ulikuwa ukila pamoja kila siku kwa mkubwa wao, na mambo yote yakaamuliwa hapo. Siku hizi ni Jumapili moja moja tu, kwa shemeji yangu Joakim, kaka wa marehemu. Watoto wote wanakula sahani moja.

Eunice alikuja na kibakuli cha Luisa, mboga isiyo na chumvi, akamkalisha mtoto pembeni na kibakuli chake. Wote wakaona. Kwenye sengu kula peke yako ni kutengwa, na anayetengwa ana sababu.

Joakim akasema, "Mama Luisa, mtoto wetu ana nini hata asile na wenzake?"

"Figo, Baba. Chumvi imekatazwa. Tena mwanao Agnesi anakohoa, na Luisa anatumia dawa inayopunguza kinga."

 Kijiko kikasikika kinawekwa. Joakim akasema taratibu, "Dawa ya kinga tunaijua sisi. Katika nyumba hiyo ilishaingia."

"Hii si ile, Baba. Ile inaongeza, hii inapunguza."

"Basi ni mbaya zaidi! Umeona wapi mtu akapunguziwa kinga akapona? Au huko ziwani ndivyo mnavyofanya, mnapunguza watoto?"

Watu wakacheka. Eunice akasema, "Huko ziwani tunawapeleka hospitali, tunafuata tulichoambiwa." Akaendelea kumlisha mtoto. 

Mimi nilinyamaza. Mimi ambaye kijijini hapa wananiita redio. Nilinyamaza kwa sababu alichosema Joakim ndicho nilichokuwa nakiwaza.

Jumamosi, 5 Julai

Mkojo ni maji, lakini mtoto siye. Uso umekuwa mviringo kama sahani. Mashavuni vinyweleo vinaota. Anakula, anakula tena, leo nimemkuta ndani ya pipa la makombo ya ugali. Jana amemng'ata William, halafu akalia yeye. Eunice anasema daktari alitutahadharisha, ni dawa, yatapita. Mimi naona kitu kinamla mtoto kutoka ndani na kumpaka mafuta nje.

Jumatatu, 7 Julai

Nimekwenda mjini na Stephano kupeleka kahawa. Sokoni palikuwa na mtu na kipaza sauti, ana unga wa majani kwenye kopo. Unaongeza kinga, anasema, wa watoto na wa wazee. Nikamwuliza kama unafaa kwa mtoto aliyepunguziwa kinga na dawa za hospitali. Akasema, "Bibi, huyo ndiye hasa!"

Nimenunua. Stephano hajui, Eunice hajui.

Jumanne, 8 Julai

Nimeanza. Asubuhi nimemtilia unga kwenye uji. Vidonge sikumpa. Mtu hawezi kujaza mtungi huku mwenzake anatoboa. Nitavirudisha nikiona vinahitajika.

Jumatano, 9 Julai

Mkojo maji. Amecheza na William bila kumng'ata.

Ijumaa, 11 Julai

Mkojo maji. Bila vidonge. Nilijua. Jumapili ya sengu nitamwambia Joakim.

Jumamosi, 12 Julai

Hakutaka uji. Mtoto aliyekuwa anaiba makombo! Amelala juani mchana kutwa, akisimama anashika ukuta. Nikasema ni uchovu.

Jumapili, 13 Julai

Ametapika. Umeganda.

Jumatatu, 14 Julai

Naandika nikiwa hospitali, kwenye benchi, kalamu nimeazima. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Asubuhi Luisa aliamka amevimba, tumbo linauma hata shuka likimgusa analia. Mwili wa moto, mikono ya baridi. Eunice alirudi kutoka shambani, akamwona, akaniuliza, "Mama, leo amekunywa dawa?"

Nikasema, "Hajanywa."

"Jana?"

"Hajanywa. Tangu Jumanne nampa hii." Nikamletea kopo. Sikuwa na la kuficha. Nikaanza kumweleza habari ya Hedwiga, ya kinga, ya mtungi unaotobolewa. Nilikuwa nasema mbio mbio kama mtoto aliyevunja chungu.

Alilisoma kopo. Akaliweka chini, taratibu, asilimwage. Akamfunga Luisa mgongoni kwa khanga mbili. Nikaendelea kusema. Akanigeukia.

"Mama, funga mdomo. Shika huo mguu unaoning'inia, tuondoke."

Miaka yote hiyo mkwe wangu hajawahi kunipa amri. Nikafunga mdomo, nikashika mguu. Tulishuka hivyo mpaka barabarani, yeye mbele na mimi ubavuni, mguu wa mjukuu wangu mkononi, mzito wa maji. Kuna mahali njia inapita kwenye ngazi za udongo kati ya kahawa, inateleza. Mimi niliteleza. Yeye hakuteleza. Huyu niliyemwita mtu wa shanga.

Barabarani Stephano, aliyetangulia mbio, akapata gari la kahawa, likatuchukua.

Daktari Avelina alitusikiliza wote. Nilimwambia mimi, kabla Eunice hajafungua kinywa. Hakunipigia kelele. Alikuwa na haraka, akamtia Luisa maji mkononi, dawa kwenye mpira, akatoka, akarudi, akakaa nasi kidogo.

"Bibi, nikuambie mambo mawili. Akinywa vidonge vile, mwili unaacha kutengeneza dawa yake wenyewe ya kumshikilia. Ukivikata ghafla anabaki hana vya hospitali wala vya mwili. Ndiyo maana alilegea. La pili, yale maji ya tumboni yameingiwa na vijidudu. Ndiyo homa hii."

"Lakini kinga nilimwongezea."

"Kinga yake haikupungukiwa nguvu, Bibi. Ina nguvu pasipotakiwa. Hao walinzi wanaolipiga chujio ndio ulikuwa unataka kuwalisha. Bahati nzuri sidhani kama unga ule umewalisha kitu. Kilichomwumiza ni vidonge kukosekana."

"Binti yangu alikufa kinga zimekwisha."

 "Pole sana. Ule ugonjwa ulikuwa unaua walinzi. Huu unawachanganya, mpaka wanampiga mwenye nyumba. Neno ni moja, magonjwa ni mawili. Ningekufafanulia vizuri siku ile."

"Nimemuua?"

"Hajafa," akasema. "Tunapigana."

Jumanne, 15 Julai

Homa haijashuka. Haongei.

Jumatano, 16 Julai

Haongei. Ananitazama tu. Eunice anaimba nyimbo za kwao taratibu, nyingine ni zetu zilezile ila wanazivuta kama nyavu. Nikajiunga. Hakunikataza.

Alhamisi, 17 Julai

Vilevile. Nimeosha shuka. Nimejitolea kuosha shuka za vitanda vya jirani pia, ili mikono isikae bure.

Ijumaa, 18 Julai

Homa imeshuka. Ameomba maji. Sauti ilikuwa kama karatasi. Eunice alitoka nje, nikamfuata, nikamkuta anatapika kwa furaha au kwa njaa, sijui, maana hajala tangu juzi. Nikamshika paji la uso kama nilivyomshika Hedwiga akiwa mdogo. Akaniachia kichwa chake mkononi, chote, uzito wake wote.



Jumatatu, 21 Julai

Amekuja Lidia, mama yake Eunice, kutoka Lundo. Mwanamke mfupi, mgongo umenyooka kama mchi. Nilikuwa namngoja kama anayengoja hukumu.

"Shikamoo dada," akanisalimu, maana nimemzidi miaka.

"Marahaba."

"Nimesikia kuku wako wanakula usipa wangu."

"Waliula."

"Wametaga?"

"Wametaga sana."

"Basi nitadai mayai, sitadai radhi." Akafungua kikapu. Alikuwa na mbasa, samaki wa ziwani, aliyechemshwa bila chembe ya chumvi, kwenye majani ya mgomba. "Binti yangu alinipigia simu tangu mwezi jana. Kule tunakula hivi wote nyumbani, ili mtoto akija asijione mgeni."

Wote nyumbani, kule mbali, kwa mtoto ambaye hata hajafika. Na mimi hapa nilikuwa natilia chumvi chungu changu na kumpikia Luisa kwenye kisufuria cha peke yake.

Luisa alikula mbasa wote. Akalia kwamba samaki amekwisha.

Jumatano, 30 Julai

Mkojo maji. Vidonge anaendelea navyo. Uso umerudi kuwa sahani. Ni uso mzuri kabisa.

Jumamosi, 2 Agosti

Tumerudi nyumbani. Vidonge anampa Eunice, kabla ya kwenda shambani. Sikumwomba nirudishiwe kazi hiyo wala hakunipa. Ni sawa.

Jumapili, 10 Agosti

Sengu. Joakim akaanza tena, kwamba mtoto ametoka hospitali uso umejaa, dawa za kushusha kinga zitammaliza. Nikasimama na mwiko mkononi.

"Shemeji, aliyetaka kummaliza nilikuwa mimi. Nilikataa dawa, nikampa unga wa sokoni, akakaribia kufa. Kinga yake inampiga mwenyewe, ndiyo maana inatulizwa. Asiyeelewa aniulize mimi, nimeshalipia elimu hiyo. Na leo mboga zote nimepika mimi, hazina chumvi. Anayetaka chumvi akalambe kwake."

Joakim akaonja. "Shemeji, hii ni adhabu."

"Kula."

Akala. Agnesi anayekohoa alikalishwa na baba yake upande wa mbali, bila kuambiwa.

Alhamisi, 14 Agosti

Tunamalizia shamba la juu. Eunice amenipita kwa debe. Nikamwambia, "Nani kakufundisha?" Akasema, "Wewe, Mama, kwa kunicheka."

Jumatano, 20 Agosti

Eunice na Luisa wamekwenda kliniki mjini. Luisa ana mafua kidogo, daktari amesema akae wodini siku chache amtazame, maana mafua ndiyo huwaamsha walinzi. William amebaki na mimi.

Jumapili, 24 Agosti

William ameamka na vipele. Nilidhani ni viroboto. Kwenye tumbo, mgongoni, ndani ya nywele, vingine vina maji. Mama mmoja kanisani akasema kwao wamo watatu. Tetekuwanga.

Nimempigia Eunice. Nilikuwa nimekwisha kumwandalia Luisa kitanda, kesho walikuwa warudi. Nikamwambia, "Msije."  Nikamwambia tena, "Msije, William ana tetekuwanga."

Alimpa simu daktari. Daktari akauliza Luisa aliondoka lini na vipele vimetoka lini. Akahesabu, akasema tunashukuru, walitengana kabla. Kwa mtoto mwingine tetekuwanga ni kujikuna tu. Kwa huyu, walinzi wake wakiwa wamelazwa na dawa, inaweza kuingia mapafuni. Asirudi nyumbani mpaka iishe kabisa kijijini.

"Ana pa kwenda?" akauliza.

Nilikuwa nimekwisha kufikiri. Nilikuwa nimefikiri tangu nilipoona kile kipele cha pili chenye maji. Nikasema, "Aende Lundo kwa bibi yake."

Stephano akanipigia baadaye kutoka mjini, akaniuliza kama nimesema kwa moyo. Nikamjibu ningekuwa na mioyo miwili, mmoja ungekataa.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimefua nguo za Luisa kwa maji ya moto, nimeanika, nimezifunga, sijazigusa tena. Daktari amesema kwa kuwa niliugua zamani siwezi kuugua tena, lakini namwogesha William, namlaza, anajikuna kwenye khanga yangu. Sitaki kubahatisha. Nilishabahatisha mara moja mwaka huu.

Jumanne, 26 Agosti

Gari la kwenda ziwani lilisimama njiapanda. Stephano amekuwa akilala kwa rafiki yake mjini tangu Luisa alazwe, hajamgusa William, yeye ndiye aliyepokea furushi. Nililiweka chini upande wangu wa barabara, nikarudi nyuma mpaka kwenye kahawa, ndipo akalichukua.

Luisa akaniona. Akashuka garini, mama yake akamshika gauni.

"Bibi! Njoo!"

"Siji!"

"Mbona huji?"

"Nina wadudu wa William!"

"Sijali!"

"Mimi najali! Panda gari!"

Akavuta gauni. Hajaniona tangu Jumatano. Sikuwahi kumnyima mtoto yeyote mikono yangu, hata wa kuokota. Niliishika miti ya kahawa miwili, mmoja huku na mmoja huku, ili nisitoke. Matawi yalikuwa matupu, tumekwisha kuyachuma.

Eunice akapaza sauti, "Mama, tutapiga kila siku! Mkojo nitakwambia!"

"Niambie hata ukiganda!"

"Hata ukiganda!"

"Na wewe ule!"

Luisa akapiga mguu chini. Vumbi likaruka. Akanipigia kelele abiria wote wakageuka, "Bibi mbaya! Bibi mbaya! Sikupendi!"

Mwezi uliopita sauti hiyo ilikuwa haiwezi kuomba maji. Sasa ilivuka barabara, ikapita juu ya injini ya gari, ikanifikia nzima nzima, ya mtoto mwenye pumzi.

"Rudia!" nikamwambia. "Sijasikia!"

Akarudia.